Mtu wa Kujifunzia

Wilbert wa Euphrasia hakuzaliwa akijua kuzuia mtu uwanjani. Siku hizi watu wa Kariakoo wakimtaja husema mikono ile ni ya Mungu, kwamba kijana alikuja nayo duniani kama mtu anavyokuja na rangi ya macho yake. Bi Mauza akisikia hivyo huvuta tu uzi wa kofia anayoishona. Yeye alikuwepo. Wilbert alijifunzia uani kwake, pale kati ya bomba na jiko, na mtu wa kujifunzia alikuwa Hashil, mwanawe wa pekee.

Nyumba aliachiwa na marehemu mumewe, Abdulla. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, upande ule wa Kariakoo unaoelekea Gerezani. Marehemu aliacha nyumba na jina jema, lakini duka lilikwisha kufungwa miaka ile maduka ya watu yalipofungwa, kwa hiyo Bi Mauza akapangisha vyumba na kushona kofia. Wapangaji walikuja, wakahama. Aliyekaa ni Euphrasia, mama wa Kichaga wa Kibosho, mjane kama yeye, muuza ndizi sokoni. Alikuja na mtoto mgongoni, na Bi Mauza alikuwa na wake wa umri uleule. Mmoja akiamka kwa adhana, mwingine akiamka kwa kengele ya misa, wakikutana bombani bado giza walisalimiana na kusaidiana ndoo. Watoto walinyolewa na kinyozi mmoja, wakaugua surua wiki moja, wakachapwa na mama yeyote aliyekuwa karibu.

Wilbert akarefuka. Hashil akabaki wa kimo cha kawaida ila mwepesi, miguu yake haikusikika ikitua. Wote wawili walicheza mpira wa kikapu kwenye kiwanja cha sementi karibu na reli, lakini aliyeonekana ni Wilbert, kwa sababu alikuwa akifunga. Alifunga akiwa mbali, akiwa karibu, akiwa ameangukiwa na watu wawili. Kiwanda cha Mikebe kikamchukua. Kwenye karatasi alikuwa karani wa stoo. Kazi yake yenyewe ilikuwa kuifungia timu ya kiwanda. Mashabiki wakamwita Masika, maana vikapu vyake vilimwagika tu. Na wanawake wa timu, wakiongozwa na Bi Zeina muuza kanga, walikuwa na desturi yao: mchezo ukiisha waliingia uwanjani kwa vigelegele wakamfunga kanga mabegani yule aliyewafurahisha. Euphrasia alikuwa na sanduku zima la kanga alizofungwa mwanawe.

Basi mwaka wa themanini na mbili Mikebe wakaingia fainali. Wilbert alifunga kama kawaida yake. Tatizo, yule ambaye Wilbert alipewa amzuie alifunga zaidi. Alimpita Wilbert kushoto, akampita kulia, mara nyingine akampita Wilbert akiwa amesimama, mikono kiunoni, akingoja mpira urudi upande wa kufungia. Mikebe wakashindwa.

Wilbert alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi ya uani bila kuvua raba.

"Kocha Rajabu ameniambia mbele ya watu," alisema. Huyo Rajabu alikuwa askari aliyetoka vitani Uganda, na timu aliiendesha kama kombania. "Ameniambia mimi ni tangi linalovuja. Wananijaza juu, namwaga chini."

"Si maneno ya hasira tu hayo?" Euphrasia akasema.

"Si ya hasira, mama. Amesema mwakani nikiwa bado sijui kuzuia, nitoke kwenye timu nirudi stoo. Na stoo ina karani wake wa kweli tayari."

Kila mtu pale alijua maana yake. Wakati ule mtu alipanga foleni ya sukari toka alfajiri akaondoka na mfuko mtupu. Unga uliopatikana ulikuwa ule wa njano, watu wakiuita unga wa Yanga. Mshahara wa Wilbert ndio uliotia mafuta ya taa kwenye taa zote mbili, ya Euphrasia na ya Bi Mauza, maana Euphrasia hakuwa mchoyo.

Bi Mauza ndiye aliyesema. Hakuna aliyemlazimisha.

"Sasa unalia nini, na Hashil huyu hapa? Mchukue ujifunzie. Akushinde yeye mpaka uchoke kushindwa."

Hashil akacheka. "Nitamtesa, mama."

"Mtese."

Wakaanza jioni iliyofuata. Hashil alisimama bombani na mpira, Wilbert akasimama katikati ya ua, na kazi ya Hashil ilikuwa kupita mpaka mlango wa ukumbini. Ua wenyewe mwembamba, huku ndoo, huku mafiga. Bi Mauza alikaa kwenye mkeka, kofia mapajani, akatazama.

Miezi ya kwanza ilikuwa kichekesho.

"Ehe, Masika! Mvua imekupita!"

"Hebu rudi. Sijakaa sawa."

"Ukae sawa mara ngapi? Wewe bibi harusi?"

"Rudi, wewe Mwarabu wa kofia!"

"Narudi, Mchaga wa ndizi. Jiinamishe basi, unasimama kama nguzo ya umeme."

Na Euphrasia jikoni: "Sufuria yangu ikimwagika mtakula huo mpira, wallahi!" Kiapo hicho alikipata kwa Bi Mauza, na kila akikitumia Bi Mauza alimcheka.

Lakini Bi Mauza alikuwa mtu wa kutazama. Aliona mwanzoni Wilbert anamtazama Hashil usoni, na uso wa Hashil ulijua uongo: macho yanakwenda huku, miguu kule. Halafu akaanza kuutazama mpira, na mpira nao ulimdanganya. Kisha jioni moja akasema, "Weka mpira chini. Njoo mikono mitupu." Hashil akaja mikono mitupu, na Wilbert akaanza kumtazama pale kiunoni, mahali pa mshipi, wala hakuinua macho tena. Aliinama mpaka mapaja yakamtetemeka. Akajifunza kutembeza miguu bila kuipishanisha, kama mtu anayefagia kwa nyayo. Mikono aliyozoea kuipandisha juu kufunga, sasa aliishusha, akaitandaza.

Hashil alipita mara moja moja. Kisha akapita kwa shida. Kile kicheko kikapungua, hakuna aliyekiona kinaondoka.

"Tena," Wilbert akasema.

"Nimebeba magunia bandarini tangu alfajiri, Wilbert. Mgongo hauko."

"Mara moja tu, kaka. Ndiyo nimeanza kuipata."

"Mara moja," akasema Hashil, akarudi bombani.

Na kulikuwa na jambo jingine. Hashil, kabla hajaondoka kwenda kushoto, ambako ndiko alikokuwa hodari, alivuta pumzi kidogo kwa pua. Kidogo mno. Bi Mauza aliijua pumzi hiyo tangu utoto wake, maana ndiyo aliyoivuta kabla ya kumwambia amekwenda chuoni kusoma Kurani na kumbe alikuwa anacheza relini. Hakuna mtu mwingine aliyeijua. Jioni moja ya mwezi wa nne akaiona ile pumzi, na papo hapo akaona mguu wa Wilbert umekwisha tangulia kushoto kabla Hashil hajanyanyua wake. Hashil akagonga kifua cha Wilbert kama aliyegonga ukuta.

Bi Mauza akajichoma sindano. Moyo wake ulishtuka, kama mtu aliyekuta mgeni amekaa kwenye kitanda chake. Akajiambia ni wivu wa kijinga. Si ndugu hao?

Kwenye ligi nako mambo yakageuka. Wilbert akawa anafunga vikapu vichache, kwa sababu miguu ilikuwa inachokea upande wa kuzuia. Yule aliyezuiwa naye alitoka uwanjani mikono mitupu, lakini nani anashangilia mtu asiyefunga? Mashabiki walinung'unika. Bi Zeina alisimama pembeni ya uwanja na kanga yake imekunjwa, akapaza sauti: "Jamani, masika gani haya yasiyonyesha? Kanga yangu nimvishe nani, nguzo?" Watu wakaangua kicheko.

Wilbert alirudi nyumbani mnyonge.

"Mama Hashil, nikizuia hakuna anayeona."

"Mungu anaona," Bi Mauza akamwambia. "Na mimi naona. Shikilia hapohapo."

Alimaanisha. Hilo ndilo linalomkera mpaka leo, kwamba alimaanisha.

Ikafika mwezi wa saba, Idi imekwisha pita. Wilbert akaingia uani mbiombio.

"Shikamoo mama. Hashil yuko wapi? Hashil! Kuna nafasi! Mtu mmoja wa timu kahamishiwa Mwanza. Nimekusemea kwa kocha."

Hashil akatoka na taulo shingoni. "Sema kweli."

"Wallahi. Jumapili tunacheza na vijana wa mtaa, na wewe uko upande wa mtaa. Afisa utumishi atakuja kukaa palepale kutazama. Atakayemfurahisha, Jumatatu anaandikwa. Kazi, kitambulisho, kila kitu."

Kitambulisho. Bi Mauza akalishika neno hilo. Mwaka ule mgambo walikuwa wamekwisha anza kusimamisha vijana barabarani: unafanya kazi wapi, leta kitambulisho. Maneno yalizagaa kwamba msako mkubwa unakuja, kila asiye na kazi inayotambulikana ataondolewa mjini akalime. Na kibarua cha bandarini, leo kipo kesho hakipo, hakikuwa na karatasi. Usiku Bi Mauza hakuomba utajiri. Aliomba kile kipande cha kadi chenye picha ya mwanawe.

"Nani atanizuia mimi?" Hashil akauliza.

"Kocha hajapanga."

"Ukipangwa wewe?"

Wilbert akamsukuma bega. "Nikipangwa mimi, ulie."

Wakacheka wote wawili.

Ijumaa Bi Mauza akatoa mchele aliouficha na sukari aliyoipata kwa balozi wa nyumba kumi, sukari ya mwezi mzima, akapika mkate wa kumimina. Nazi mbili, hiliki, ukaumuka vizuri. Alipouepua aliukata, akamwekea Wilbert sahani, akampelekea mwenyewe chumbani kwao. Hakumtuma mtu.

"Kula, mwanangu. Hii ni yako peke yako."

"Leo kuna sherehe gani, mama?"

"Sherehe ni Jumapili, inshallah."

Wilbert akacheka, akala mpaka makombo. Bi Mauza akasimama mlangoni mpaka sahani ikawa tupu.

Hakusema zaidi, na hakuona haja. Kwa watu wake, kumwambia mtu mzima "mpishe mwanangu" ni kumwaibisha yeye na kumwaibisha mtoto. Mtu hupelekewa chakula. Akikipokea na kukila mbele yako, amekwisha kukusikia. Marehemu Abdulla aliombewa hata mke kwa njia hiyo, kwa sinia la halua, na hakuna aliyetaja ndoa mpaka halua ilipokwisha. Euphrasia alikuwa kitandani anashona kitufe cha gauni. Aliitazama sahani, akamtazama Bi Mauza, kisha akarudisha macho kwenye kitufe.

Jumamosi Hashil akamjia mama yake.

"Mama, nimefikiri nibadilishe. Kushoto kwangu Wilbert anakujua. Nataka kesho niende kwa mkono wa kulia tu. Nimejaribu kule relini, si mbaya."

"Siku ya kutazamwa na watu ndiyo siku ya kuacha ulichozoea?"

"Nikipangiwa Wilbert..."

"Wilbert ndugu yako. Akipangwa kwako, atakupisha."

"Kasema hivyo?"

"Wewe cheza kama unavyocheza. Nenda kushoto. Hayo mengine niachie mimi."

Hashil akamtazama mama yake. Mama hakuwahi kumdanganya. Akasema, "Haya, mama."

Jumapili Bi Mauza akavaa buibui lake jipya akaenda uwanjani, mara ya kwanza katika maisha yake. Alikaa kwenye benchi ukutani na Euphrasia. Afisa utumishi, mtu mnene mwenye suti ya Kaunda, aliwekewa kiti cha peke yake chini ya kivuli cha turubai. Timu zikajipanga. Kocha Rajabu akamwita Wilbert, akamnong'oneza, akanyoosha kidole.

Kidole kilikuwa kinamwonyesha Hashil.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mauza, akashusha pumzi. Euphrasia akatazama chini.

Mara ya kwanza Hashil alipopata mpira alivuta ile pumzi, akaenda kushoto, na Wilbert alikuwa tayari kule. Mpira ukapotea. Bi Mauza akajiambia, hiyo ya kuonyesha watu. Lazima aonyeshe watu kidogo. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu Wilbert aliuchukua mpira mikononi mwa Hashil, taratibu, kama mtu anayepokea kikombe. Hashil akasimama akamtazama. Kisha akageuza kichwa, akamtafuta mama yake ukutani.

Bi Mauza akamtikisia kichwa: nenda, nenda.

Akaenda. Kushoto, tena kushoto. Kijana alikuwa mtiifu. Na Wilbert aliinama chini, macho yake yako kwenye mshipi wa Hashil, uso hauna kitu, si hasira si urafiki. Kila mahali Hashil alipotaka kufika, Wilbert alikwisha fika. Hakumgusa hata mara moja. Refa hakuwa na cha kupuliza. Ulikuwa mchezo safi kabisa, na watu waliokuwa wakimnung'unikia mwaka mzima wakaanza kuelewa wanatazama nini.

"Mwarabu kafungwa kamba!"

"Mpeni baiskeli basi apite!"

"Masika, mwache apumue, ana mama yake huyo!"

Vicheko. Bi Mauza alishika kingo za buibui. Upande wa pili wa uwanja kijana mwingine wa mtaa, Polycarp, mrefu mwenye miguu mizito, alikuwa anafunga anavyotaka, kwa sababu aliyepewa kumzuia alikuwa mvivu na hakuna aliyejali. Kila kikapu chake, afisa utumishi alitikisa kichwa kukubali akamwuliza jirani yake jina.

Dakika za mwisho Hashil akaacha kumtazama mama yake. Akaenda kulia. Wilbert akachelewa, kweli akachelewa, na Hashil akapita akafunga. Akaenda kulia tena, akafunga tena. Kisha filimbi ikalia, mchezo ukaisha.

Vigelegele vikaanza. Bi Zeina akaingia uwanjani na wenzake, kanga imekunjuliwa, na watu wakadhani anamwendea Polycarp. Hapana. Alimwendea Wilbert. Akamfunga kanga mabegani, akamshika mashavu. "Leo nimeona!" alipaza sauti. "Leo na mimi nimeona!" Na Wilbert, kijana aliyekuwa akiteseka mwaka mzima bila sifa, akafunika uso kwa kanga akalia.

Hashil alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, anafunga kamba ya raba ambayo haikuwa imefunguka.

Jumatatu aliandikwa Polycarp.

Jioni ile Wilbert alikuja uani. Hashil alikuwa ametoka. Bi Mauza alikuwa kwenye mkeka, kofia mapajani, ila hakuwa anashona.

"Mama Hashil, shikamoo."

"Marahaba."

"Kocha alikuwa ananitazama mimi, mama. Aliniambia, huyo ndiye mkali wao, mzime. Usipomzima nitajua mwaka mzima nimepoteza wakati na wewe. Ningefanya nini?"

"Na mimi nilikuwa nakutazama."

"Ningemwachia, Hashil angejua. Angesema nimemwonea huruma kama mtoto. Mimi nilimheshimu, mama."

"Ulikula mkate wangu?"

Wilbert akashangaa. "Mkate?"

"Ijumaa. Ulikula, hukula?"

"Nilikula, mama. Mtamu sana. Sasa mkate na..." Bi Mauza akaona kwenye uso wake kwamba ndiyo kwanza anaelewa, na hilo lilimuuma kuliko kama angekuwa alijua. Mtoto aliyemlea mikononi mwake alikula sahani nzima asisikie neno hata moja.

Euphrasia akatoka jikoni anafuta mikono.

"Yeye hakuelewa," Bi Mauza akamwambia. "Wewe je? Miaka yote hii kwenye nyumba yangu. Wewe ulielewa."

Euphrasia hakukwepa. "Nilielewa."

"Ukanyamaza."

"Ningemwambia nini, mama Hashil? Mpishe, ufukuzwe? Wako hana kazi. Ulitaka na wangu asiwe nayo?"

"Nilitaka uniambie. Ungeniambia tu, mama Wilbert. Ningemwachia mtoto acheze anavyojua."

Euphrasia akarudi jikoni. Tangu siku hiyo kila mmoja akapikia upande wake.

Hashil hakumlaumu mtu. Bi Mauza angefurahi kama angemlaumu. Aliacha mpira. Jioni Wilbert akisimama uani na kumwita, "Kaka, njoo hata kidogo," alijibu kwamba amechoka, na kweli alikuwa amechoka. Mama yake alipojaribu kumwomba radhi, alisema, "Wewe uliniombea mema, mama, yaishe," akaenda kuoga.

Mwezi wa kumi msako ukaja. Hashil alikuwa Mchikichini mchana, amepata kazi ya kushusha mizigo ya mtu, mgambo wakazunguka mtaa mzima. Waliokuwa na vitambulisho walisimama upande mmoja, wasio navyo wakapandishwa lori. Mtu alimletea Bi Mauza habari na kofia ya Hashil iliyoanguka. Alipofika kituoni na chakula, akaambiwa wamekwisha ondoka. Wapi? Mashamba ya mkonge. Yapi? Hakuna aliyemjibu. Ilipita zaidi ya wiki ndipo akajua kuwa ni huko njia ya Korogwe.

Alimwendea Wilbert.

"Mwambie kocha wako aseme neno. Waseme Hashil ni mtu wa kiwanda."

Wilbert alikwenda. Si kwamba hakwenda. Alirudi macho chini. "Afisa anasema nafasi ilikuwa moja, mama, na imejaa."

Haikukaa imejaa. Polycarp alipozuiwa na watu wanaojua kuzuia hakufunga kitu, na kabla mwaka haujaisha Mikebe wakamwacha. Ndipo Kocha Rajabu alipomwuliza Wilbert, mbele ya timu nzima, "Yule Mwarabu wa Jumapili ile, aliyekupita kulia mwishoni, yuko wapi? Kukupita wewe si mchezo." Wilbert mwenyewe ndiye aliyemhadithia Bi Mauza. Sijui alidhani atamfariji.

Mwaka uliofuata aliitwa timu ya taifa. Si kwa kufunga. Gazeti lilitoa picha yake ameinama, mikono imetandazwa, na chini yake wakaandika kwamba hapitiki. Kiwanda kikampa nyumba ya shirika Ubungo, vyumba viwili na bomba la ndani.

Siku ya kuhama lori lilisimama mlangoni. Vitu vilipokwisha kupakiwa, Euphrasia akaja kwa Bi Mauza ukumbini, amejifunga kitambaa kichwani kama wa kwenda kanisani.

"Mama Hashil, tumekaa siku nyingi. Mtu hujui ulichomkosea mwenzio. Niwie radhi."

"Nimekuwia radhi. Nawe niwie."

"Nimekuwia."

Maneno yalitoka kama yanavyotoka kwa kila mtu, na yote yalikuwa makavu. Wilbert akasogea mbele, kichwa kinagusa kizingiti.

"Na mimi, mama. Niwie radhi."

Bi Mauza akamtazama. Alimwona mtoto wa surua, akamwona na yule wa uwanjani. Alijua Mungu anampenda mwenye kusamehe. Alikuwa amelisoma hilo na kulisali. Alitafuta ndani yake akakuta hakuna.

"Hukunikosea mimi," akasema. "Mwenye haki hiyo yuko Korogwe anakata mkonge. Basi linaondoka kila asubuhi. Kamwombe yeye."

"Nitakwenda, mama."

"Lini?"

"Ligi ikiisha tu. Sasa hivi nikikosa mazoezi..."

"Ligi inaisha lini?"

Wilbert akasugua shingo. "Desemba, mama."

"Haya. Nendeni salama."

Wakatoka. Bi Mauza akaingia kwenye chumba chao kitupu. Watu wa pwani hawafagii nyuma ya msafiri. Huacha vumbi lake likae mpaka siku ipite, maana kufagia nyayo ni kumfukuza, ni kumwambia asirudi. Alikuwa amemfundisha hivyo Euphrasia mwenyewe, mwaka wa kwanza alipohamia.

Lori halijawashwa. Akachukua ufagio nyuma ya mlango akaanza kufagia, kutoka pembeni kwenda mlangoni, kwa nguvu. Euphrasia alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye ngazi ya lori. Akausikia ufagio. Akageuza uso kuelekea dirishani, kisha akampa mwanawe mkono ampandishe.

Bi Mauza hakusimama mpaka vumbi lote lilipofika barabarani.